Namba ya Tatu ya Nestor

Ninyi vijana mnanifurahisha sana. Asubuhi mna bando la siku, mchana mna bando la saa, jioni mnamnyenyekea jirani awagawie la kwake kidogo, halafu mnaniuliza, "Bibi, zamani mliishije?" Tuliishi vizuri tu. Mtu akitaka bei nafuu ya simu alikuja kibandani kwangu, akakaa, akaeleza maisha yake yote, na akiondoka alikuwa amepata bei nafuu na mimi nimepata habari za mtaa. Ninyi mnajiunga wenyewe kwa kidole, na mkikosea mnakosea peke yenu bila hata mtu wa kuwacheka. Nawahurumia.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mama Sauda wa Magarama, hapa Gitega. Wengi waliniita Mama Uniti, maana niliuza uniti, lile salio mnaloliita vocha. Niliuza pia laini, na zaidi ya yote niliwahamisha watu kutoka mpango wa bei juu kwenda mpango wa bei chini. Miaka yote hiyo nilikaa mahali pamoja, kati ya fundi cherehani na muuza mkaa, na sikuchoka. Macho ndiyo yaliyochoka.

Kazi nilifundishwa na Mzee Saidi, fundi wa redio. Redio zilipoanza kukosa wateja alinigawia nusu ya meza yake, lakini yeye mwenyewe simu hakuzipenda hata siku moja. Alisema redio ni kitu cha adabu, inakupa habari bila kukuuliza uko wapi na uko na nani. Hata hivyo ndiye aliyenifundisha siri kubwa ya biashara ya simu.

Mteja wangu wa kwanza wa kuhama alikuwa muuza viatu. Aliomba laini ya bei chini, nikampa ya kampuni mpya iliyokuwa ya bei chini kuliko zote. Akaenda anapiga mluzi. Kesho yake akarudi amenuna. Laini ilikuwa nzuri kweli, ila ndugu zake wote walibaki kwenye kampuni ya zamani, na kuwapigia kutoka upande ule kulikuwa ghali kuliko mwanzo. Mzee Saidi alicheka mpaka akaweka chini chuma chake cha kuchomelea waya.

"We Mama Sauda," akasema, "umeuzia mtu njia muzuri ya kwenda mahali hana mtu."

Toka siku hiyo, mtu akikaa mbele yangu sikumuuliza anataka nini. Nilimuuliza, "We unaongeaka na nani?" Kuuliza si ujinga, na swali hilo moja lilinifundisha Magarama kuliko kama ningekuwa chifu wa mtaa. Kuna baba mmoja alinijibu kwamba anaongea na bibi yake, yaani mkewe. Nikamuuliza mke yuko wapi. Akanionyesha bati la nyumba iliyo ng'ambo ya barabara.

"Sasa si uvuke tu?"

"Mama, we haujui," akasema. "Kwa nyumba ni yeye anamalizaka maneno. Kwa simu naweza kukata mi wa kwanza."

Nilimtafutia mpango mzuri sana yule baba. Alistahili.

Na haya mengine myachukue, hata kama dunia yenu imebadilika. Usihame mpango wakati bado una salio, maana mara nyingi salio halihami nawe. Laini ikikataa, ifute kwa ncha ya kitambaa kikavu kabla hujaitukana. Na mteja asiondoke mezani kabla hajapiga simu moja ya kujaribu na kusikia mtu akiitika. Mzee Saidi hakuwahi kurudisha redio kwa mwenyewe bila kuiwasha kwanza, na mimi nilifuata njia yake.

Sasa niwaambie habari ya Nestor, kwa sababu ndiyo ninayoulizwa kila nikikaa na wenzangu wa zamani.

Nestor alikuwa fundi mwashi. Alizaliwa Gashoho, upande wa Muyinga, akakulia Tanzania kwenye kambi ya wakimbizi, na amani ilipokuja akarudi pamoja na wengine. Alirudi na Kiswahili cha kupiga pasi. Sisi wa Magarama tunasema "mi" na "we" na "iko" na maisha yanaendelea. Yeye alikuja kibandani akasema, "Shikamoo mama, samahani kwa usumbufu, naomba unisaidie uniti kidogo tafadhali." Alipomaliza nilikuwa nimesahau kama nauza uniti au nauza nyanya. Fundi cherehani alimwita Habari ya Saa Mbili. Nestor alicheka tu, hakuwa mtu wa hasira.

Hasira alikuwa nayo kwa mtu mmoja, kaka yake Silivesteri.

Silivesteri hakukimbia. Wakati wengine wanavuka mpaka yeye alibaki mlimani Gashoho, maana kwetu kijiji ni mlima, kwenye shamba la baba yao. Nestor aliporudi alikuta shamba lote, juu mpaka chini, ni migomba ya kaka. Kaka akampa sehemu ya bondeni, yenye maji maji. Nestor akasema hiyo ni ya kufugia vyura. Maneno yakawa makubwa, mdogo akaja Gitega kujenga nyumba za watu, na hawakusalimiana tena. Wazee wa mlima, wale bashingantahe wanaoamua mashauri, walikuwa wamepanga kukaa juu ya jambo hilo baada ya mavuno. Nestor alishaniambia atakavyofanya: wakimkatia kipande chochote, atakiuza kwa mfanyabiashara mmoja wa Muyinga mjini, na Gashoho hatatia mguu tena.

"Na kaka yako?" nilimuuliza.

"Atabaki na migomba yake, mama."

Mambo yalikuwa hivyo wakati kampuni moja, jina silitaji maana sina haja ya kugombana na mtu uzeeni, ilipoleta mpango unaoitwa Watu Watatu. Ulichagua namba tatu, na hizo ulizipigia kwa bei ndogo sana. Nyingine zote ulilipa kama kawaida. Mashine haikukubali namba mbili, lazima zitimie tatu. Na ukishamchagua mtu, mashine ilimpigia simu, ikatoa sauti ya mwanamke kwa Kifaransa na kwa Kirundi ikimwambia namba fulani imekuchagua uwe miongoni mwa watu wake watatu.

Kampuni ilidhani inatufurahisha. Haikutujua. Mtu wa kwetu ana mama, ana mama wadogo, ana shangazi, ana mkwe, ana mama wa ubatizo, ana jirani aliyemlea, halafu unamwambia achague watatu na wengine wakae wakisubiri simu ya mashine! Wakwe walikuja kibandani wameshika kiuno. "Mbona mi haijanipigia?" Nilikuwa najua namba tatu za kila mtu Magarama nzima na sikumwambia yeyote. Mzee Saidi alishaniambia kwamba kilicho ndani ya redio ya mtu kinabaki ndani ya redio.

Nestor alikuja Jumamosi, viatu vimejaa sementi. Nikamuuliza swali langu.

"Wa kwanza ni mke wangu, Goreth," akasema. "Yupo Itaba kwao, analima na baba yake mpaka nipate nyumba hapa."

"Wa pili?"

"Baba mkwe."

Hilo sikulishangaa. Nyinyi hamjui kubipu, pigo moja halafu unakata ili mwenzako akupigie kwa uniti zake. Ulimbipu rafiki, ulimbipu dada. Kumbipu mkwe ilikuwa aibu ya kukufanya urudishiwe mahari. Kwa hiyo kila mwanamume aliyeoa alihitaji bei nafuu kwa baba mkwe.

"Wa tatu?"

Akaangalia juu, akaangalia viatu.

"Hakuna, mama. Naomba uweke wawili."

"Mashine inakataa. Weka bosi wako."

"Bosi namwona kila siku, inatosha."

"Weka kaka yako."

"Mama Sauda, tafadhali."

"Basi weka mi. Nitakupigisha stori."

Alicheka, lakini hakuniweka, na niseme ukweli niliumia kidogo. Mwishowe akatoa namba ya Mzee Barnabé, jirani wa kule mlimani. Nilimuuliza wana maneno gani ya kuongea yanayohitaji bei nafuu.

"Kila Jumapili nampigia kuuliza kama mvua imenyesha."

"Yoo! Dunia nzima hii, we umechagua mvua?"

Nikaandika namba, akapiga kujaribu, Goreth akaitika, akaenda zake. Jioni yake mashine ikafanya kazi yake, na sehemu hii nilikuja kuisikia baadaye kutoka kwa Barnabé mwenyewe.

Simu ya Barnabé haikuwa ya Barnabé hasa. Ilikuwa simu ya mlima. Nyumba yake peke yake ndiyo iliyoshika mtandao, na simu ilining'inia kwa kamba kwenye mwimo wa mlango, mahali ambapo ukiisogeza kidogo tu sauti inapotea. Mtu wa mlima ule akitafutwa, ilipigwa kwa Barnabé. Yeye aliitika, akauliza anatafutwa nani, akaenda ukingoni mwa uwanja na kumwita kwa sauti ng'ambo ya bonde. Hata Nestor wa Jumapili alipiga kuulizia mambo ya mlima; kwa ajili ya Barnabé mwenyewe haikuwahi kulia hata siku moja, wala hakutegemea. Alikuwa mlango tu, na mlango haungojei wageni wake.

Basi simu ikalia, Barnabé akaitika, akasikia sauti ya mama. Akaisalimia kwa heshima, "Amahoro, mama. Abana barakomeye?" Sauti haikusema kama watoto wazima au wagonjwa, iliendelea tu na maneno yake. Barnabé akafikiri, hawa wa mjini wana haraka. Akasikiliza. Sauti ikataja namba, tarakimu moja moja, na wakati ule tulizijua namba za watu kwa kichwa. Akaitambua ya Nestor. Nestor amemchagua mtu awe miongoni mwa watu wake watatu. Barnabé hakupoteza muda kujiuliza amechaguliwa nani. Nestor ana ndugu mmoja tu kwenye mlima ule. Akatoka mpaka ukingoni akaita kwa nguvu zake zote:

"Silivesteri weee! Nestor amekuchagua!"

Wakasikia waliokuwa kisimani, wakasikia waliokuwa wakitoka kanisani kufagia. Habari ilipofika kwa Silivesteri mwenyewe, majirani wawili walikuwa wameshampa mkono wa hongera.

Mimi sikujua hata moja la hayo. Jumamosi iliyofuata nimekaa kibandani, akaja mwanamume mrefu, koti limejaa vumbi la safari, kikapu cha maharage kichwani. Alikuwa amepanda kamiyo, yaani lori la mizigo, kutoka Muyinga.

"Bonjour mama. Ni we Mama Uniti?"

"Ni mi. Karibu."

"Natafuta mdogo wangu. Anajengaka manyumba. Anaitwa Nestor. Kwa barabara wamesema anakujaka kwako."

Nikamkaribisha ndani ya kibanda, nyuma ya pazia, nikampa stuli na chai. Akashika kikombe, hakunywa.

"Mama, nikuulize. Ni kweli aliniweka kwa watu wake watatu? Mlima nzima inasema."

Niwaambie, wajukuu zangu, nimeulizwa maswali mengi kwenye kazi ile, lakini hilo lilikuwa na mwiba kila upande. Nikisema ndiyo, ni uongo. Nikisema hapana, mtu ametoka Gashoho na kikapu. Na zaidi ya hapo siyo yangu kusema.

"Anakuja sasa hivi," nikamjibu. "Leo ni siku yao ya malipo. Utamuuliza mwenyewe."

Akatingisha kichwa, akanywa. Nilisikitika, kwa sababu niliona amevaa shati jeupe la kanisani chini ya koti lile.

Nestor akaja. Sikuwahi hata kumwonya. Akaegemea meza akaanza kwa Kiswahili chake kilichopigwa pasi:

"Shikamoo mama. Samahani, naomba unibadilishie ile namba ya tatu. Toa ya Mzee Barnabé, uweke ya yule mnunuzi wa Muyinga. Sasa tunaongea kila siku mambo ya shamba."

Nilimkonyeza, nilikohoa, nilimkanyaga mguu chini ya meza. Fundi cherehani aliniambia baadaye alidhani nimepandwa na kitu. Nestor akaniuliza kama naumwa. Pazia likafunguka, Silivesteri akatoka, kikombe bado mkononi.

Sikumbuki nani alishtuka zaidi. Nestor alisema neno moja tu, "Kaka." Silivesteri akaweka kikombe mezani polepole.

"Donc, kumbe ilikuwa ya Barnabé," akasema.

"Ndiyo, kaka. Ilikuwa ya Barnabé." Nestor alikuwa na tabia nyingi lakini hakuwa mwongo.

Nikafikiri mambo yamekwisha. Nilianza kutafuta maneno ya kumwambia mgeni kuhusu kamiyo ya kurudi. Lakini Silivesteri hakuondoka. Akavuta stuli, akakaa mbele ya meza yangu kama mteja.

"Sawa. Mi nikuulize kitu. Unapigiaka Barnabé kila Jumapili, unauliza mvua. Sindiyo?"

"Ndiyo."

"Ananiambiaka yote, Barnabé. Unauliza mvua. Kisha unauliza: kaka amelima? Kisha unauliza: kaka bado anakohoa?" Akamwinulia uso. "Nestor. Tangu lini mvua inakohoa?"

Nestor aliangalia viatu vyake vya sementi, mabega yakaanza kutikisika, na mimi nilidhani analia. Kumbe anacheka. Kisha akalia kweli, na Silivesteri naye akajifuta kwa mkono wa koti akabaki na vumbi usoni. Na mimi mnadhani nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nafuta laini ya mtu kwa kitambaa, nafuta na kufuta, na laini yenyewe haikuwa na kosa.

"Nilipanda migomba yote," Silivesteri akasema, "sababu walisema mliokwenda hamutarudi. Nisipopanda, watu wangechukua. Nilikuwa nalima na ninalia. Na ulirudi, we haukusema hata asante. Ulisema tu vyura."

"Kaka, nisamehe. Na wewe ulinipa bonde."

"Nilikuwa na kasirani. Chukua ya juu. Nusu ya migomba ni yako, lakini mwaka huu ndizi tunavuna pamoja."

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na wakipatana chukua kapu ukavune. Yule alikuwa amekuja na kapu lake kabisa. Fundi cherehani, ambaye alikuwa ameshaacha kushona ili asikie vizuri, alipiga makofi mpaka nikamwambia arudi kwenye suruali za watu.

Bashingantahe walikaa baadaye kama ilivyopangwa. Waliwakuta ndugu wawili wamekaa benchi moja, hawana shauri la kuleta, na inasemekana mzee mmoja alikasirika kwa sababu alikuwa ametembea njia ndefu. Wakampa pombe, akatulia. Mnunuzi wa Muyinga alitafuta shamba kwingine. Nestor na Goreth walihamia Gashoho, na nyumba waliyoijenga ni ya juu, siyo ya bondeni.

Lakini nataka mbaki nami pale mezani, siku ile ile, kabla hawajaondoka. Walikuwa wanagombania nani abebe kikapu. Nestor akanigeukia, macho bado mekundu.

"Mama Sauda, naomba unibadilishie ile namba ya tatu."

"Ya mnunuzi?"

"Hapana. Niwekee ya kaka."

Nikachukua simu yake, nikafungua mpango, nikafika kwenye namba ya tatu, kidole tayari. Nikamgeukia Silivesteri.

"Nambie namba yako, baba."

Silivesteri akapapasa koti, kisha akacheka kwa aibu.

"Mi sina simu, mama. Mtu akinitafuta, anapigiaka kwa Barnabé."

Nikaangalia namba iliyokuwa imeandikwa pale, ile ile ya Barnabé. Nikamrudishia Nestor simu yake bila kubonyeza kitu.